Uzee si mmoja: tuwajue wazee wetu



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika toleo hili la jarida letu sisi wanafunzi wa darasa la juu tumeona tuandike kuhusu wazee. Jambo hili si geni. Linasemwa kila siku, na kila mmoja wetu amefunzwa tangu utotoni kwamba mzazi hakemewi wala haguniwi. Lakini katika kusema kwetu huwa tunawatia wazee wote katika kapu moja. Tunasema wazee wamechoka, wazee wamekuwa kama watoto, wazee ni wa kuombewa dua tu.

Tangu Ramadhani mbili zilizopita madrasa yetu imekuwa ikitutuma kupeleka futari kwa wazee wa mtaa wetu hapa Unguja, na miezi mingine tunawatembelea kila Alkhamisi baada ya swala ya Alasiri. Tuliloliona katika kutembea huko ni kwamba uzee si mmoja. Mwili wa mtu unazeeka kwa mwendo wake, akili kwa mwendo wake, na ujamaa wake na watu nao una mwendo wake. Ni mara chache vitatu hivyo kufika pamoja.

Dini yetu imelitambua hili

Qur'ani Tukufu katika Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5 inawataja baadhi ya watu, si wote, kuwa hufikishwa katika umri mnyonge ambao elimu waliyokuwa nayo huwatoka. Tuliposoma aya hizo, ustadhi wetu alitutaka tuzingatie kwamba ni miongoni mwetu tu, na kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga asifikishwe umri huo. Upande mwingine tunamkuta Nabii Zakariya (A.S.) katika Surat Maryam, mifupa yake imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, lakini akili yake ni timamu na anajua vyema anachokiomba kwa Mola wake. Na katika Surat Yusuf tunamkuta Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye huzuni ya kutengwa na mwanawe ilimharibia macho. Hapo jambo la moyo liliugusa mwili.

Hata hukumu za fiqhi zimepangwa kwa mizani hiyo. Mzee asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu, hata kwa ishara. Maadamu akili ipo, swala ipo. Asiyeweza kufunga kwa uzee hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku moja. Lakini mzee ambaye akili imemwondoka hadaiwi swala wala saumu, hata kama miguu yake ingali na nguvu za kutembea kutoka Darajani hadi Bububu. Sheria imeutazama mwili peke yake na akili peke yake.

Na watu je? Sahaba Abdullah bin Abbas (R.A.) alipofuka katika uzee wake, lakini watu waliendelea kumwendea kuchukua elimu. Alifariki Taif mwaka 68 Hijria. Macho yalikwenda, lakini elimu na watu vikabaki.

Wazee watatu wa mtaa wetu

Katika wazee tunaowatembelea, watatu wametufunza zaidi. Kwa kuwatunzia heshima yao hatutaji majina wala nyumba zao.

Wa kwanza ni bibi aliyepindukia miaka 80. Magoti yake yamekwisha kwa baridi yabisi, ana presha, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Kutoka kitandani hadi chooni ni safari, na lazima ashikwe mkono. Mtu akimtazama mwili atasema huyu ndiye wa kuhurumiwa kuliko wote. Lakini nyumba yake haipungui watu. Wasichana wanaokaribia kuolewa huletwa kwake wafunzwe, jirani humwachia watoto akaenda sokoni, na yeye huku anasuka ukili kwa vidole bila ya kuutazama. Tukimwamkia shikamoo na kumuuliza hali, hujibu: "Marahaba wajukuu zangu. Mwili huu ni nguo kuukuu, lakini mwenyewe nimo ndani." Hatujapata kutoka kwake bila ya kucheka.

Wa pili ni babu aliyekuwa mvuvi. Huyu ni kinyume cha bibi yule. Kifua chake ni kipana, haumwi mgongo, na mkono akikushika hujitoi. Lakini kumbukumbu imemtoka. Humwita bintiye kwa jina la mama yake aliyekwishafariki, na usiku wa manane huamka kwenda pwani kuitafuta ngalawa iliyouzwa zamani. Mtaani walisema ana shetani, wengine wakasema amechezewa. Bintiye, ambaye ndiye anayemwangalia, alikuwa akitoka kwenda kuuza maandazi analazimika kumfungia mlango kwa kufuli ya nje. Sote tulijua kuwa moto ukitokea ndani, babu yetu hana pa kupita, lakini mama yule naye angefanya nini peke yake? Alituambia amesahau usingizi wa usiku mzima ukoje. Jambo linalotustaajabisha kwa babu huyu ni kwamba tukianza kusoma Suratu Yasin mbele yake, hutulia, kisha huipokea na kwenda nayo mwenyewe hadi mbali. Hajui leo ni siku gani, lakini kile alichohifadhi utotoni chuoni bado kimo.

Wa tatu ni karani mstaafu. Anatembea bila ya mkongojo, anasoma gazeti, na hesabu zake hazikosei hata senti. Mkewe amefariki, na watoto wake wako Maskati na Uingereza. Fedha zinakuja kila mwezi, na friji yake imejaa. Kwa hiyo alikuwa hayumo hata katika orodha yetu ya futari, kwani waliotupa orodha walisema huyu hana shida. Jina lake liliongezwa na imamu, aliyeona kwamba mzee huyu ameacha kuja barazani, kisha akaacha na jamaa msikitini. Watu walisema amejifakharisha. Kumbe alikuwa hasikii. Barazani akiulizwa la bei ya samaki anajibu la mvua, vijana wanacheka, naye akaona bora akae ndani kuliko kuchekwa. Alipopelekwa hospitali waligundua sikio la kulia lilikuwa limeziba kwa nta, ikatolewa, na la kushoto limepungua kwa umri. Siku hizi tukimwendea tunakaa upande wake wa kulia.

Wanayosema wataalamu

Ndugu wasomaji, mambo haya hayako mtaani kwetu tu. Maradhi ya babu mvuvi yana jina: huitwa demensia, na aina yake iliyo kubwa ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari wa Kijerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si lazima kila mzee aupate.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo, na kusema kuwa yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, kutosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, kujitenga na watu, na kukosa elimu utotoni. Tazama jinsi mwili, akili na watu vinavyoshikana mikono. Mzee asiyesikia huyakimbia mazungumzo, aliyeyakimbia mazungumzo hubaki peke yake, na akili isiyozungumza na mtu hudhoofika upesi. Nta ya sikio ikiachwa inaweza kumtoa mtu barazani.

Ama upweke wenyewe, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja katika kila sita duniani anao, na inauhusisha na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Hapa Zanzibar tunashukuru kwamba tangu Aprili 2016 Serikali inatoa Pencheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni msaada wa kweli wa chakula na dawa. Lakini haijapatikana bado pencheni ya mtu wa kuzungumza naye. Hiyo tuitoe sisi.

Tufanye nini?

Kwanza, tukimwona mzee tujiulize maswali matatu badala ya moja. Mwili wake u hali gani? Akili yake i hali gani? Na nani alikaa naye mara ya mwisho, lini? Mwenye miguu mibovu apelekewe mahitaji, lakini asinyang'anywe ubibi wake kwa kuamuliwa kila kitu. Mwenye akili timamu aulizwe, aombwe ushauri, apewe kazi ya kufunza.

Pili, mzee anaposahau kupita kiasi, aonwe na daktari kwanza. Asibishiwe wala asichekwe. Akiitafuta ngalawa, aambiwe "twende pamoja, babu", na matembezi yenyewe yatamtuliza.

Tatu, tumkumbuke anayemwangalia mzee. Wavulana wa darasa letu wamegawana zamu. Kila siku baada ya Alasiri wawili humchukua babu mvuvi hadi ufukweni wakamrudisha kabla ya Magharibi, na mchana mama mmoja jirani hukaa naye. Kufuli ya nje imeondolewa. Bintiye ametuambia kwamba saa ile ya jioni ndiyo anayolala. Kumpumzisha mlezi ni katika kumtendea wema mzee.

Nne, wazazi wetu mlio Maskati, Dubai, London na kwengineko, tunawashukuru kwa mnayotuma. Tunakuombeni mtume na sauti zenu. Simu ya dakika kumi kila siku mzee huihesabu kuliko noti.

Tano, katika misikiti yetu tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha maimamu wapunguze urefu wa swala kwa kuwa nyuma yao wamo wadhaifu na watu wazima. Viti viwekwe, taa za ngazini ziwashwe, na maji ya kutawadhia yasiwe mbali.

Na kwetu sisi wanafunzi, tuhifadhi sasa. Tumeona kwa macho yetu kinachobaki kwa mzee pale vingine vinapoondoka. Kile tunachokitia vifuani leo huenda ndicho tutakachotulizwa nacho miaka 60 ijayo, na wanaotuzunguka watakuwa ni wale tuliowazoea kukaa nao.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu wepesi wa mwili, utulivu wa akili na watu wema wa kukaa nao, awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi kuwa macho na masikio yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.