Uzi Mwembamba Juu



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunawaandikia juu ya gitaa, na huenda baadhi yenu mkashangaa. Yupo huku bondeni Ipogolo mzee wetu ambaye kwa miaka mingi ameziimbisha jumuiya kwa gitaa lake, akitumia kidole gumba na cha shahada tu, kwa mtindo unaofanana na ule wa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga “Masanga”. Sasa vidole vya mkono wake wa kushoto vimekakamaa, wala hakuna mahali popote palipoandikwa alichokuwa akikipiga.

Kwanza tulijaribu kuandika kwa sol-fa, maana ndiyo lugha ya kwaya zetu tangu zamani. Sol-fa husema sauti ni ipi na idumu kwa muda gani, lakini haisemi kidole kikae wapi. Katika gitaa jambo hilo si dogo. Sauti ya uzi wa kwanza usiobonyezwa hupatikana pia katika freti ya 5 ya uzi wa pili, na tena katika freti ya 9 ya uzi wa tatu, na kila mahali ina ladha yake. Mzee alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, “Padri, nota ni zenyewe, ila gitaa silo.”

Ndipo vijana wakatuletea tabulatura, ambayo wao kwa kifupi huiita “tabu”. Jina lilitustahili. Ni mistari sita iliyolala, kila mmoja ukisimama badala ya uzi mmoja, na juu ya mistari hiyo zimeandikwa tarakimu. Tarakimu ni freti ya kubonyeza. 0 ni uzi ulioachwa wazi. X ni uzi usiotakiwa kulia. Tarakimu zilizosimama wima hupigwa pamoja. Tukaona ni rahisi kuliko nota zote tulizofundishwa seminarini, tukaanza na kodi ya C: kutoka juu kwenda chini 0, 1, 0, 2, 3, x.

Ilitoka kelele. Tulirekebisha nyuzi, tukapiga tena, ikawa kelele ileile. Kwa juma zima na zaidi tuliilaumu gitaa. Ukilipakata gitaa, uzi mnene ndio ulio juu, karibu na kidevu, nasi tuliudhani ndio mstari wa juu. Kumbe mstari wa juu ni uzi mwembamba! Karatasi hufuata sauti: ya juu huandikwa juu. Luis de Milán aliandika hivyohivyo katika kitabu chake kilichochapwa Valencia mwaka 1536, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba hatukupewa muda wa kutosha wa kujifunza. Binti mmoja wa kwaya aligundua kosa letu, akasubiri hadi watu wapungue ndipo akatuambia. Tunamshukuru.

Baada ya hapo alama ndogondogo zilikuja upesi. Mkwaju / ni kidole kuteleza kuelekea freti ya mbele. Herufi p ni kidole kuukwanyua uzi kinapoondoka. Herufi b ni kuuvuta uzi pembeni ili sauti ipande, jambo ambalo mzee wetu halifanyi kamwe. Na 5h7 ni kupiga uzi mara moja katika freti ya 5, kisha kidole kingine kikaushukia katika freti ya 7 bila mkono wa kulia kugusa tena.

Lakini upungufu ulibaki, nao ni mkubwa. Tabulatura nyingi hazionyeshi mapigo. Aliyekwisha kuusikia wimbo hujisaidia. Asiyeusikia huona tarakimu zimejipanga tu. Mzee akiisha kutuacha, nani atawaambia wajukuu wasubiri kiasi gani kati ya 3 na 5? Hapo mwalimu wa kwaya, ambaye tulikuwa tumeiweka kando sol-fa yake, akachukua kalamu bila kusema neno. Chini ya mistari sita akachora mistari ya wima ya hatua, nukta mbilimbili za mapigo na vistari vya sauti inayoendelea, kama anavyofanya kila juma. Tulitamani tungemwita tangu mwanzo.

Alhamisi tulipeleka karatasi nyumbani kwa mzee. “Kamwene,” tukasalimiana, tukaketi. Binti yule akapiga polepole akisoma, na mzee akawa akigonga goti kwa mkono ule mzima. Mara mbili alimsimamisha, na mara zote mbili tulikuwa tumekosea sisi, siyo yeye. Kisha akaomba karatasi, akaweka kidole juu ya herufi moja, akauliza, “Na hii ni nini?”

Tukamweleza maana ya h.

Akacheka hadi akakohoa. “Kumbe miaka yote hii nilikuwa napiga h!”

Zimebaki nyimbo nne.