Harufu ya Bani

Asiyevuta hudhani kuwa tumbaku zote ni moja, na kwamba wavutaji wote huonja kitu kimoja. Sivyo. Waketishe wavutaji watatu barazani, wape tumbaku moja, kisha waulize wameonja nini. Watakupa majibu matatu, na katika kila jibu utamwona zaidi yule anayejibu kuliko tumbaku aliyoivuta.

Ndivyo ilivyokuwa jioni moja katika kijiji kimoja cha Namtumbo, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa ameletewa zawadi na mpwa wake aliyerejea kutoka masomoni kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa kifuko cha gramu 50 za tumbaku ya kiko, nyeusi kama masizi, iliyokatwa nyembamba mithili ya nyuzi za kushonea. Ilitoka Kendal, mji mdogo ulio kando ya nchi ya milima na maziwa, ambao umejulikana kwa ugoro na tumbaku tangu mwaka 1792, Thomas Harrison alipoleta huko kutoka Glasgow ufundi na mitambo ya kusaga ugoro.

Mwalimu hakutaka kuifungua zawadi hiyo peke yake. Aliwaita wenzake wawili ambao huketi naye kila jioni: mzee mmoja aliyefanya kazi katika reli ya TAZARA hadi alipostaafu, na mzee mwingine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mkulima wa tumbaku tangu ujana wake. Mke wa mkulima naye alikuwapo, akipepeta mchele kwenye ungo, na mjukuu wao wa miaka mitatu alikuwa akicheza miguuni pake.

Mwalimu, kama ilivyo desturi ya walimu, alianza kwa somo. Alieleza kuwa tumbaku nyeusi ya nyuzi nyembamba ni ya zamani kuliko sigara, na kwamba ilikuwa tumbaku ya watu wa kazi, kwa kuwa ilikuwa kali na bei yake nafuu. Akakumbusha kuwa Arthur Conan Doyle, katika kitabu chake The Hound of the Baskervilles kilichotoka mwaka 1902, alimfanya mpelelezi Sherlock Holmes aagize ratili nzima ya tumbaku ya jinsi hiyo, iliyo kali kupita zote, akajifungia nayo chumbani kutwa nzima akiwaza.

"Ratili nzima!" akasema mzee wa reli. "Basi huyo alikuwa na mapafu ya bati."

Mwalimu akazilegeza nyuzi kwa vidole, akajaza kiko chake kwa kipimo, bila kuzishindilia wala kuziacha ovyo. Tumbaku iliyokatwa nyembamba hushika moto upesi na kuungua upesi. Mwenye pupa huungua ulimi kabla hajaonja kitu. Akawasha, akaacha ifuke, akavuta kidogo kidogo kama mtu anayekunywa uji wa moto. Wenzake wakangoja hukumu.

"Haina sukari," akasema baada ya muda. "Tumbaku nyingi za kiko siku hizi hutiwa manukato ya vanila au ya matunda ili zimpendeze mnunuzi. Hii haikubembelezi hata kidogo. Ni kama mwalimu wa zamani: hacheki na wanafunzi, lakini ukimsikiliza hutamsahau."

Mzee wa reli hakuwa mtu wa subira. Alikuwa amevuta sigara miaka arobaini, naye aliamini kuwa hakuna moshi usiomjua. Akakijaza kiko cha kuazima, akavuta kwa nguvu na kuumeza moshi kama alivyozoea. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya tatu kwikwi ikamshika. Mara ya tano alikiweka kiko chini polepole, jasho likimtoka kipajini, akauliza kama baraza lilikuwa linazunguka au ni macho yake.

Kwikwi na kizunguzungu si mambo ya ajabu. Tumbaku nyeusi ina nikotini nyingi, na moshi wake una tabia ya kupitisha nikotini hiyo kwenye ngozi laini ya kinywa, hata kama mvutaji haumezi moshi. Sumu hiyo ilipewa jina kutokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, ambaye mnamo mwaka 1560 alipeleka tumbaku katika jumba la kifalme la nchi yake akiisifu kuwa dawa. Ilikuwa mwaka 1828 ndipo wataalamu wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, walipoitenga peke yake na kuona jinsi ilivyo sumu kali. Mzee wa reli hakuyajua hayo, lakini mwili wake uliyajua.

Akapewa chai yenye sukari nyingi. Alipopata nafuu, naye akatoa hukumu yake. "Hii ni injini ya dizeli," akasema. "Haina mbwembwe za kuondoka stesheni, lakini ikishika mlima itaupanda, na wewe uliye juu yake utapanda nao, utake usitake."

Watu wakacheka. Ikabaki zamu ya mkulima.

Yeye hakuwasha. Alikichukua kifuko, akakifungua, akakiweka puani, akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda mrefu hata mwalimu akadhani amesinzia.

"Hili ni bani," akasema hatimaye. "Ni bani la baba yangu, wiki ya pili ya moto."

Msomaji asiyetoka katika nchi za tumbaku huenda asielewe. Zipo tumbaku zinazokaushwa kwa hewa, zipo zinazokaushwa kwa joto la mabomba lisilo na moshi, ambazo wakulima wa Tanzania huziita tumbaku ya mvuke, na ipo tumbaku ya moshi. Hii ya moshi ndiyo iliyokuwa zao la fedha la Songea na Namtumbo tangu enzi za ukoloni. Kwa ajili yake wakulima wa huko waliungana katika chama kikuu chao cha ushirika, NGOMAT, kilichoundwa mwaka 1936. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, wakulima wengi wadogo waliilima pia. Majani hutungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani. Huachwa kwanza yanyauke na kugeuka manjano, kisha kuni huwashwa sakafuni, moto mdogo wa kufuka, siku baada ya siku, hadi jani linywe moshi na kuwa jeusi. Moto ukizimika, jani huoza. Ukiwaka kwa miali, bani zima huteketea pamoja na mavuno ya mwaka. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukesha.

Jani la moshi la Afrika ni miongoni mwa yale yanayotumika katika tumbaku nyeusi za Uingereza. Mkulima hakuweza kusema kuwa jani lile lilitoka shambani kwake, wala hakusema hivyo. Alisema tu kwamba moshi ule anaujua kama mtu anavyoijua sauti ya ndugu yake gizani.

"Moshi huu umewasomesha watoto wangu sita," akasema, na mkono wake ukaanza kukitafuta kiko.

Hapo mkewe akauweka ungo chini.

"Shemeji," akamwambia mwalimu, "mmeulizana ninyi wanaume watatu tumbaku hii ina ladha gani. Mimi hamkuniuliza, lakini nitawaambia. Ina ladha ya macho kuwasha. Mchana tulikuwa shambani wote wawili, na usiku mimi ndiye niliyekesha bani nikiwa na mtoto mgongoni, kwa maana yeye alikuwa amechoka. Nilikohoa mimi, alikohoa na mtoto. Sisemi kwa kulaumu. Ada ilitakiwa, nasi tuliitafuta pamoja."

Hakuna aliyejibu. Mjukuu alikuwa ameanza kukohoa, kwa kuwa moshi wa viko viwili ulikuwa umetanda chini ya paa la baraza. Bibi akamsogeza kando, penye upepo, kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa barua ya rufaa kutoka zahanati. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, mkulima alikuwa amekwenda kutibiwa jino, na muuguzi akaona ndani ya shavu lake, upande anaoumia kiko, doa jeupe lisilotoka hata likisuguliwa. Alimwandikia aende hospitali ya mkoa, Songea. Mzee akaitia barua hiyo sandukuni, chini ya nguo za sikukuu, na hakumweleza mtu. Bibi aliiona alipokuwa akitafuta kitenge.

Doa la namna hiyo si lazima liwe saratani, na mara nyingi haliumi; ndiyo sababu watu hulipuuza. Lakini mengine hugeuka, na aliyechelewa hulipia kuchelewa kwake. Wengi hujidanganya kuwa kiko ni salama kwa sababu moshi wake haumezwi. La hasha. Mwaka 1964, ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, ile iliyopata umaarufu kwa kuishutumu sigara, ilisema waziwazi kuwa kuvuta kiko husababisha saratani ya midomo. Tumbaku ya moshi ina ubaya wa ziada, kwani jani lililokunywa moshi wa kuni wiki nzima hubaki na baadhi ya sumu za moshi ule. Harufu ile iliyomfumbisha mzee macho ndiyo hiyo hiyo iliyobeba madhara.

Mwalimu akakizima kiko chake. Alijisikia kama mtu aliyemwalika mgonjwa karamuni bila kujua.

Mkulima akasema kwa sauti ndogo, "Mama, moshi huu ndio uliotulea."

"Ulitulea, sijakataa," mkewe akajibu. "Lakini watoto wamemaliza shule. Ada imekwisha lipwa. Sasa unamlipia nani?"

Mzee akaitazama karatasi, akamtazama mjukuu, kisha akakifunga kifuko vizuri, akamrudishia mwenyewe. Hakutoa hotuba wala hakuapa. Aliuliza tu basi la Songea hupita saa ngapi asubuhi.

Hospitalini walimkata kipande kidogo cha nyama shavuni, wakakipeleka kupimwa. Majibu yalichukua wiki tatu, na bibi husema kuwa wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko usiku wowote wa bani. Yalipokuja, daktari alieleza kuwa chembe zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini hazijawa saratani. Doa likaondolewa. Mzee akaamriwa aache kiko kabisa na arudi kuangaliwa kila baada ya miezi michache.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mzee huyo huamka usiku akikitafuta kiko kisichokuwapo. Mara mbili alishindwa, akavuta nyuma ya nyumba kama mtoto wa shule, na mara zote mbili alikwenda kumwambia mkewe mwenyewe. Siku hizi hutafuna kipande cha muhogo mkavu wakati wa baraza. Mzee wa reli naye amepunguza sigara, ingawa yeye hudai kuwa ni kwa sababu ya ile injini ya dizeli iliyomtoa jasho, wala si kwa sababu ya hofu.

Nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, na katika nyingi ipo karatasi iliyofichwa chini ya nguo. Inafaa mama wa nyumba na watoto wakubwa wajue mambo machache. Kidonda au doa la kinywani lisilopona kwa wiki mbili au tatu lionyeshwe kwa mganga, hata kama haliumi. Moshi wa tumbaku usivutwe chumbani wala barazani walipo watoto. Na anayetaka kuacha asichekwe anaposhindwa mara ya kwanza, kwani anayechekwa hujificha, naye akijificha hakuna wa kumsaidia.

Kile kifuko bado kipo kwa mwalimu, kimefungwa, juu ya kabati la vitabu. Pengine jioni, wakiwa wamekaa, mkulima huomba apewe akinuse. Hupewa, na bibi huruhusu. Hufumba macho kidogo, husema, "Wiki ya pili ya moto," kisha hukirudisha, na mazungumzo huendelea juu ya mahindi na mvua.