Mashine Ipi Iingie Nyumbani?

Kwa muda wa miaka 19 sasa nimejipatia riziki kwa kutengeneza redio, televisheni na vyombo vingine vya umeme katika chumba kimoja hapa Musoma, upande wa Nyasho. Katika vyombo hivyo zimo pia zile mashine ambazo vijana huziita gemu. Wenye mabanda ya kuchezea wananifahamu vyema. Mashine ikigoma kusoma diski, huletwa kwangu. Feni ikinguruma, huletwa kwangu. Huzitengeneza, nikalipwa, nikanunua unga na sabuni. Sikupata kujiuliza fedha ile ilitoka wapi, mpaka Jumanne moja ya mwaka jana nilipoibeba mashine iliyokwisha kupona na kuipeleka mwenyewe bandani, yapata saa nne asubuhi. Nilimkuta mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, ameketi kwenye benchi na sare yake ya shule, akiisubiri.

Hakukimbia. Alisimama akasema, "Shikamoo, baba." Nami kwa mazoea tu nikaitikia, "Marahaba," mbele ya vijana wapatao kumi waliokuwa wakingoja niunge nyaya. Nikaziunga. Nikapokea ujira wangu, nikamshika mtoto mkono, tukatoka. Njia nzima hadi shuleni hatukusemezana.

Jioni mama yake aliniambia, "Baba watoto, umewasukia mtego watoto wa wenzio, leo umemnasa wa kwako." Sikuwa na jibu. Mechi moja katika banda lile ilikuwa shilingi 500, na mtoto alikuwa akiitoa katika fedha ya chakula cha mchana tuliyompa kila asubuhi. Maana yake ni kwamba sehemu ya ujira ule ilikuwa fedha yangu mwenyewe, iliyopitia katika njaa ya mwanangu ikanirudia mfukoni.

Wapo waliotushauri tumchape, wapo waliotushauri tupige marufuku neno gemu nyumbani kwetu. Mama yake na mimi tulikesha tukijadili, na hatimaye tukaafikiana jambo ambalo majirani waliliona la ajabu: mchezo uje nyumbani, uchezwe mbele ya macho yetu, kwa saa zinazojulikana. Tulikuwa na akiba ya shilingi laki sita. Swali likawa ni mashine ipi. Kwa kuwa najua wazazi wengi mnaulizana swali hilo hilo, na wengine huja kuniuliza baada ya kwisha kununua, naomba nieleze niliyoyaona.

Aina ya kwanza ni ile ya kushika mkononi. Mimi nilikua wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na gemu yangu ya kwanza kuiona ilikuwa kile kidude cha Kichina cha miaka ya 1990, chenye matofali yanayodondoka na kupangwa. Sikujua wakati huo kwamba mchezo ule, Tetris, ulibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Moscow, wala kwamba uliosambaa nao duniani ni Game Boy ya mwaka 1989, mashine iliyotumia betri nne ndogo. Kampuni iliyoiunda, Nintendo, ilianzishwa Kyoto, Japani, mwaka 1889, ikitengeneza karata. Siku hizi ipo Switch ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2017, na ipo Steam Deck ya mwaka 2022, ambayo kwa hakika ni kompyuta iliyofinywa ikatosha viganjani. Na kwa walio wengi mashine ya mkononi ni simu tu, iliyotiwa programu ya kuifanya iigize PSP ya zamani.

Sifa kubwa ya aina hii ni kwamba haijali umeme ukikatika. Kwa mji wetu sifa hiyo si ndogo. Lakini nina malalamiko mawili. La kwanza ni la kifundi: kijiti chake cha kuongozea kikilegea, au kioo kikipasuka, vipuri havipatikani Musoma, na mara nyingi hata Mwanza utaambiwa usubiri mzigo wa Dar es Salaam. La pili ni la mzazi. Mashine hii huingia chini ya blanketi. Mtoto akiinamia kioo chenye upana wa kiganja, huoni anachokiona, hujui amefika wapi, na anapocheka hujui anacheka nini. Simu ndiyo mbaya zaidi, maana katikati ya mchezo humwomba anunue hiki na kile, na fedha hutoka kwenye laini ya mzazi aliyelala.

Aina ya pili ni ile ya kuunganisha na televisheni. Hapa nina mengi ya kusema, kwani ndiyo iliyonilisha. Mfalme wake ni PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150. Haijapata kutokea nyingine ya televisheni iliyouzwa kwa wingi kama hiyo. Ndiyo iliyofungua mabanda mengi ya miji yetu. Mpira wa FIFA ulitolewa kwa ajili yake hadi mwaka 2013, yaani miaka 13 baada ya kuzaliwa kwake, ilhali dada zake wawili walikwisha kuja: ya tatu mwaka 2006, ya nne mwaka huo huo wa 2013. Ya tano ilitoka mwaka 2020.

Ukienda kununua iliyotumika, usiridhike na kuiona ikiwaka. Igeuze nyuma usome kibandiko cha umeme. Nyingine zililetwa kutoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100, au Marekani, ambako ni 120. Ikiwa kibandiko hakisemi kwamba inapokea hadi volti 240, nawe ukaichomeka moja kwa moja katika umeme wetu wa 230, utasikia mlio mmoja na kunusa harufu moja, basi. Nimezipokea nyingi zilizokufa kifo hicho, bado zikiwa ndani ya boksi lake. Kisha omba ichezwe kwa nusu saa nzima ukiwapo, maana lenzi iliyochoka husoma diski vizuri ikiwa baridi, ikapofuka ikishapata moto. Sikiliza feni. Sisi wa kandokando ya ziwa tuna adui ambaye kiwanda hakumfikiria: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakafuata mwanga wa taa, wakanyonywa na feni. Nimepata kufungua mashine moja nikakuta humo wadudu wa kujaza kikombe cha chai.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi ni la diski. Mashine yenye sehemu ya diski humruhusu mtoto kumwazima mwenziwe mchezo, au kuuza wa zamani anunue mwingine. Lakini PlayStation ya tano ilitoka kwa namna mbili, na moja haina mlango wa diski kabisa. Kila mchezo lazima uvutwe kwa intaneti. Michezo mikubwa ya siku hizi hufika gigabaiti 50, mingine hata 100. Anayetumia kifurushi cha simu na afanye hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei.

Aina ya tatu, kompyuta ya gemu, niieleze kwa kifupi, kwa sababu ilikuwa mbali na uwezo wangu. Si kila kompyuta huweza mchezo mzito. Inayoweza huwa na kadi yake ya kuchorea picha, yenye kumbukumbu yake yenyewe, na kadi hiyo peke yake huweza kupita bei ya kompyuta ya ofisini. Hula umeme mwingi, hutoa joto jingi, na nimekwisha kuona baba mmoja aliyeuziwa kasha lenye taa za rangi saba na ndani yake hamna kadi yoyote. Hata hivyo, mchezo ukizimwa, kompyuta hubaki na kazi: barua, hesabu, masomo, hata kujifunza kuandika programu. Binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa ameisema hiyo tangu mwanzo. Alisema tununue kompyuta ya kawaida, isiyo ya gemu, na kaka yake avumilie.

Basi nilikuwa bado sijaamua, wakati shule zilipofungwa nikaenda na kijana kumwona baba yangu Ikizu, wilayani Bunda. Mzee hana macho mazuri tena, lakini soro bado anacheza, ambalo wengi wenu mnaliita bao: mashimo 32, kete 64, naye huzihesabu kwa vidole bila kutazama. Alikwisha kupata habari zetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia umeanza kazi bandani."

Kijana akainamisha kichwa. Mzee akamkalisha mbele ya ubao, na huku wakicheza akamsimulia jambo ambalo wasimulizi wa maisha ya Mwalimu Nyerere wamelieleza mara nyingi: jinsi Chifu Makongoro wa huku Ikizu alivyomtembelea rafikiye Chifu Burito kule Butiama, akacheza soro na mtoto Kambarage, mtoto akamshinda. Makongoro akaona kwamba kichwa kile kisiachwe porini na mbuzi, akamshauri Burito amsomeshe. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage akaanza shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe babu, mchezo ndio uliompeleka shule."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka; niliona hoja imenishinda. Lakini mzee alipotulia akamwambia, "Ni kweli. Ila Makongoro alikuwa amekaa upande wa pili wa ubao, akamwona. Wewe kule bandani, nani amekaa upande wa pili?" Kijana akanitazama mimi. Mimi nikazitazama kete.

Siku ya kurudi tulipitia Butiama, tukaingia katika makumbusho ya Mwalimu, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Kijana alikuwa na maswali mengi kuhusu bao, machache kuhusu siasa. Mlezi wa makumbusho alimthibitishia kwamba Mwalimu aliupenda mchezo huo hata baada ya kung'atuka mwaka 1985 na kurudi kijijini. Katika basi kijana aliniuliza kama mimi naweza kumfunga katika gemu. Nilimwambia kwamba tangu nianze kuzitengeneza sijapata kucheza mechi nzima; huzijaribu tu hadi mpira uanze, nikazima.

Nilinunua PlayStation 3 iliyotumika, yenye pedi mbili za gemu na diski nne, kwa shilingi laki tatu. Ya nne ilikuwa karibu laki saba, na tofauti yake kwa macho yangu haikustahili tofauti hiyo. Pedi mbili ndizo zilizoniamulia. Iko sebuleni, huchezwa Ijumaa jioni na Jumamosi, na anayeshindwa humpisha mwingine. Kwa wiki tatu za mwanzo sikupata hata bao moja, kwani kila nilipotaka kupiga shuti nilitoa pasi. Mama watoto, aliyesema hataigusa, ametushinda wote katika mbio za magari, na sasa ndiye anayechelewesha chakula cha Jumamosi. Sebule hujaa watoto wa majirani. Sukari yetu kwisha imekwisha, na kelele zipo. Shuleni mwalimu wake wa darasa ananiambia hajakosekana tena. Kuhusu alama zake, bado hakuna la kujisifia.

Lakini kuna mmoja ambaye sijamridhisha. Usiku ule nilipoleta boksi, binti yangu alisubiri kaka yake alale, akanijia na kusema kwa adabu kabisa, "Baba, yeye alitoroka shule akapewa mashine. Mimi niliyebaki darasani nimepewa ahadi." Laki tatu zilizosalia nimeziweka kwa ajili ya kompyuta yake. Iliyotumika, iliyo nzima, naitafuta kwa laki nne na nusu.

Nazo laki hizo zilizopungua najua zitakakotoka. Tangu wiki iliyopita mashine tatu za banda lile lile ziko mezani kwangu, mbili lenzi, moja feni, na mwenyewe anataka zote kwa pamoja kabla ya mwisho wa mwezi; ujira wake ungenifikisha karibu kabisa. Nimemwambia nitazitengeneza endapo atakubali kutowapokea wenye sare kabla ya saa kumi jioni. Amesema mteja ni mteja, ila atafikiri. Nimezifunika kwa kitambaa kwa sababu ya wadudu.