Meza ya Maji

Akina mama wenzangu, binti yangu alipoanza kidato cha kwanza hapa Masasi, jioni moja alirudi na daftari lenye alama nyekundu ya kosa. Katika Jiografia waliulizwa maana ya 'water table'. Yeye aliandika: meza ya kuwekea maji.

Nilicheka. Kumbe machozi yalikuwa yanamlengalenga. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sasa masomo ni kwa Kiingereza, na neno moja lina sura nyingi. 'Table' ni meza, ni tebo ya hesabu, na 'timetable' ni ratiba ya vipindi.

Nilitaka kumwambia, "Muulize baba yako." Lakini tulifungua kitabu, na mchoro ukanionyesha: ni pale unapoyakuta maji ukichimba ardhini. Hayo ninayajua! Nimezaliwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mchanga wa huko humeza mvua, maji yakaenda chini sana. Alfajiri tulishuka bondeni na ndoo, tukapanda mlima yakitumwagikia shingoni. Ndiyo maana maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, bondeni.

"Mama, na uwanda wenyewe huitwa 'tableland'," akasoma binti. Tukacheka sote. Kumbe nimekulia juu ya meza!

Mama, usimwache mtoto peke yake kwa kuwa hujui Kiingereza. Kaa naye. Neno huenda hulijui, lakini jambo lenyewe umelibeba kichwani miaka mingi.