Ngozi ya Mtoto Mchanga na Kitambaa Chake

Katika kazi zote za ulezi hakuna iliyo ya kila saa kama kumbadilisha mtoto mchanga kitambaa chake, yaani nepi, ambayo wengine huiita winda. Mtoto wa majuma machache aweza kuhitaji kubadilishwa mara kumi kwa siku, au zaidi. Hivyo kabla hajatimiza mwaka mmoja, mama yake amekwisha ifanya kazi hiyo mara elfu kadha. Na kwa kuwa ni kazi ya kila saa, watu wengi huidharau, wakadhani haina elimu ndani yake. Lakini mkulima ajua kwamba shamba haliharibiwi na gharika ya siku moja tu. Huharibiwa pia na kijito kidogo ambacho hakuna aliyejisumbua kukiziba. Ndivyo ilivyo ngozi ya mtoto. Haiharibiwi na jambo kubwa, bali na unyevu mdogo uliosahauliwa leo, na kesho, na kesho kutwa.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, nayo hukwaruzika upesi. Juu yake una uchachu kidogo, usioonekana wala kusikika kwa mkono, ambao ni kama askari wa zamu: huwazuia vijidudu wabaya wasistawi. Uchachu huo ukiondolewa, na ngozi ikalowa mpaka ikalainika, basi kila kinachoigusa chaweza kuidhuru. Wazazi wengi huifikiri ngozi kuwa ni ukuta. Kwa mtoto mchanga yafaa waifikiri kuwa ni mlango, kwa maana mengi yanayopakwa juu yake hupita yakaingia ndani.

Kwa miaka mingi mkosaji alidhaniwa kuwa mkojo. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Cooke, alieleza kwamba wamo vijidudu katika kinyesi ambao huugeuza mkojo ukatoa amonia, ile harufu kali ichomayo pua nepi inapofunguliwa alfajiri. Naye akaihesabu amonia hiyo kuwa ndiyo inayoichoma ngozi. Maelezo hayo yalisadikiwa kwa zaidi ya nusu karne. Ilipofika mwaka 1977, Leyden na wenzake waliwapima watoto wenye vipele na wasio na vipele, wakaona kwamba amonia peke yake haitoshi kuwatofautisha. Kisha mwaka 1986 Berg na wenzake walilifafanua jambo lenyewe zaidi. Mkojo ukikutana na kinyesi, uchachu wa ngozi hupotea, na mahali pale hupata tabia kama ya magadi. Katika hali hiyo vimeng'enya vilivyomo katika kinyesi hupata nguvu. Kazi ya vimeng'enya hivyo tumboni ni kuyeyusha protini na mafuta ya chakula. Na ngozi ya mtoto nayo imejengwa kwa protini na mafuta. Kwa hiyo nepi iliyochafuka kwa vyote viwili, ikaachwa kwa muda mrefu, huanza kuimeng'enya ngozi kama chakula.

Hapo ndipo inapoonekana sababu ya kila jambo linalompasa mlezi. Maadui ni watatu: unyevu, kinyesi, na msuguano. Nepi yenye kinyesi isingojeshwe hata kidogo, usiku wala mchana. Nepi ya kitambaa iliyolowa mkojo nayo ibadilishwe mapema, na usiku ibadilishwe mtoto anapoamka kunyonya. Mtoto mwenye kuhara, au anayetumia dawa za kuua vijidudu alizopewa hospitali, atazamwe mara nyingi zaidi, kwa kuwa ngozi yake imo hatarini zaidi. Na faida mojawapo ya maziwa ya mama, katika nyingi zijulikanazo, ni kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya huwa na uchachu zaidi, wala hakiiumizi ngozi sana kama cha mtoto alishwaye maziwa mengine.

Kazi yenyewe huanza kabla nepi haijafunguliwa. Mlezi hunawa mikono kwa sabuni, kisha huweka karibu naye maji ya uvuguvugu katika beseni, pamba au kitambaa laini, nepi safi na mafuta. Asipofanya hivyo atalazimika kumwacha mtoto juu ya kitanda au meza ili akatafute kilichosahauliwa, na watoto wengi wameanguka katika dakika hiyo moja. Kinyesi kilicho kingi huondolewa kwa ncha safi ya ile nepi kuukuu. Kisha mtoto huoshwa kwa maji, taratibu, bila kusuguliwa. Kwa desturi maji matupu yatosha. Ikiwa kinyesi kimeshika, sabuni laini kidogo hutumika, kisha huoshwa yote ikatoka. Mtoto wa kike hufutwa toka mbele kwenda nyuma, wala si kinyume chake, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni fupi na vijidudu vya kinyesi vyaweza kuingia humo upesi. Mtoto wa kiume asivutwe govi kwa nguvu, kwa maana katika umri ule limeshikamana bado, na kulivuta ni kulichana. Mikunjo ya mapaja na kinena ifunuliwe mmoja mmoja, kwa sababu uchafu hupenda kujificha humo.

Baada ya kuosha, kukausha. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Kitambaa kikavu hugongwagongwa juu ya ngozi polepole mpaka unyevu uishe, hata ndani ya mikunjo, hakiburutwi. Kisha, kama nafasi ipo, mtoto huachwa bila nepi kwa dakika chache, apate hewa. Hakuna dawa ya dukani iliyo rahisi kuliko hewa hiyo.

Mwisho huja kinga. Mafuta ya mgando, ambayo Chesebrough aliyapatia hati ya ugunduzi nchini Marekani mwaka 1872, au marhamu yenye zinki, hupakwa mahali pale ili yasimame kati ya ngozi na unyevu, kama bati lisimamavyo kati ya nyumba na mvua. Kama ngozi imekwisha kuwa nyekundu, yapakwe kwa unene. Wakati wa kubadilisha tena, si lazima kuyakwangua yote. Yatosha kuondoa yale ya juu yaliyochafuka na kuongeza mengine, kwa kuwa kuyasugua mpaka chini ni kuijeruhi ngozi iliyokuwa ikipona. Hata katika siku za kwanza za uhai, kinyesi kinapokuwa cheusi na chenye kunata kama lami, mafuta yaliyopakwa mapema hukifanya kitoke bila taabu.

Basi ni nini kinachoharibu kazi iliyo nyepesi hivi? Mara nyingi ni wingi wa mapenzi. Itazamwe, kwa mfano, nyumba ya karani aliyepata mtoto wake wa kwanza. Mtoto ana miezi mitatu, na makalio yake yamekuwa mekundu. Jirani wa kwanza ashauri poda. Wa pili ashauri dawa ya kuua vijidudu itiwe katika maji ya kuogea. Wa tatu ataja unga wa mahindi. Karani mwenyewe, akitoka kazini, apita dukani na kununua marhamu kali ambayo muuzaji amesifu kwamba huponya kila upele. Siku ya nne meza imejaa chupa, na mtoto analia zaidi. Ndipo awasilipo mama wa karani kutoka shambani kumwona mjukuu. Azitazama chupa zile, kisha amwuliza mkwewe:

"Mwanangu, mtoto huyu hubadilishwa mara ngapi usiku?"

"Mama, tunamfunga saa mbili usiku, tunamfungua alfajiri."

"Basi, mwanangu, chupa hizi uziweke kando. Nipe maji na kanga kuukuu, tumlaze mjukuu wangu kivulini apigwe na hewa."

Mwanamke huyo hakuyasoma maandishi ya Berg wala ya Leyden, lakini ameshika kiini cha jambo. Mtoto hakupungukiwa dawa. Alizidishiwa unyevu, na juu ya unyevu akazidishiwa dawa. Poda ni vumbi: mtoto huivuta pumzini ikaingia katika mapafu, na ile ibakiayo mikunjoni ikilowa hushikamana na kukwaruza. Unga nao ni chakula, si dawa. Dawa za kuua vijidudu zilizotengenezwa kwa kuosha vidonda au sakafu zaweza kuichoma ngozi iliyo laini. Na zile marhamu kali zenye steroidi, zikipakwa bila amri ya daktari, huipunguza ngozi unene na kuingia katika damu. Na nepi ikizifunika huzidisha kuingia huko.

Maneno haya si vitisho vya kuwatia wazazi hofu bure. Zamani poda ya boriki ilitumiwa sana kwa watoto, ikidhaniwa kuwa ni kitu kipole. Mwaka 1953 madaktari wawili wa jina moja la Goldbloom walieleza habari za wagonjwa wanne waliodhurika kwa sumu yake, wakakusanya na habari za wengine 109 zilizokwisha kuandikwa. Na wengi wao walikuwa watoto. Huko Ufaransa mwaka 1972, dawa iitwayo hexaklorofeni ilichanganywa kwa makosa, tena kwa kipimo kikubwa, katika poda ya watoto. Mama zao waliipaka kwa mikono yao wenyewe, wakidhani wanawatunza. Watoto zaidi ya 200 walipatikana na madhara, na 36 wakafa. Hakuna hata mmoja wao aliyenyweshwa sumu hiyo. Iliingia kwa mlango wa ngozi. Kwa hiyo mzazi anaposhauriwa kupaka kitu kipya, swali la kwanza lisiwe, "Kina harufu gani nzuri?" bali, "Kina nini ndani yake, na mtoto anakihitaji kwa nini?"

Nepi zenyewe nazo zina haki yake. Za kitambaa zilowekwe, zifuliwe kwa sabuni, zichemshwe, kisha zisuuzwe mara kadha mpaka maji yatoke safi, kwa kuwa sabuni iliyobaki katika nyuzi huwasha ngozi. Zianikwe juu ya kamba juani, wala si juu ya majani au chini. Katika sehemu nyingi za Afrika, pwani ya Kenya ikiwa mojawapo, yuko nzi mmoja apendaye kutaga mayai yake penye mchanga au nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo na zilizo kivulini. Mayai yakianguliwa, vifunza hungoja mpaka viguse ngozi, kisha huingia na kufanya majipu. Pasi yenye moto, ikipita pande zote mbili na juu ya mishono, huyaua yote. Basi kupiga nepi pasi si mapambo ya watu wa mjini, ni kinga.

Nepi za dukani za kutupwa, ambazo tangu miaka ya 1980 hutiwa chembe za kunyonya mkojo mwingi, huiweka ngozi katika ukavu zaidi kuliko kitambaa. Lakini zina bei, na bei huwashawishi watu kumwachia mtoto nepi moja tangu asubuhi hadi jioni ili fedha yake isipotee. Uchumi huo ni wa hasara, kwa maana chembe zile hunyonya mkojo, haziondoi kinyesi. Kama fedha ni chache, ni afadhali vitambaa safi kumi na viwili vinavyobadilishwa kwa wakati kuliko nepi moja ya dukani inayongojwa ijae. Suruali ya plastiki juu ya kitambaa nayo hufungia joto na unyevu ndani, basi ivaliwe kwa muda mfupi tu. Na kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, kisha mikono ioshwe tena kwa sabuni. Wanaodhani kuwa kinyesi cha mtoto hakina madhara wanajidanganya, kwa kuwa nacho hubeba magonjwa ya kuhara.

Iko pia saa ya kuacha dawa za nyumbani na kwenda zahanati. Vipele visivyopungua baada ya siku tatu za utunzaji mwema. Wekundu mkali uliojaa ndani ya mikunjo, wenye vidoa vidogo vilivyotawanyika pembeni. Utando mweupe kinywani usiofutika: haya ni dalili za kuvu aina ya kandida, nayo haiponi kwa mafuta ya mgando. Dawa yake mojawapo ni nistatini, ambayo wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliigundua, wakaitangaza mwaka 1950. Lakini malengelenge, usaha, damu, au homa kwa mtoto mchanga havingoji siku tatu. Siku hiyo hiyo apelekwe.

Yasalia neno moja kwa akina baba, ambao aghalabu ndio wasomao habari hizi kwanza, kisha wakazikunja na kusema, "Hayo ni ya wanawake." Ngozi ya mtoto hulindwa kwa maji, na maji huchotwa mbali. Hulindwa kwa kuamka usiku, na aliyelima au kufua kutwa huchoka. Baba ajazaye mtungi jioni, anunuaye mafuta ya mgando badala ya poda yenye manukato, aamkaye saa nane za usiku kumfungua mtoto ili mama apumzike, hapunguzi heshima yake kwa kadiri ya hata ukucha. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ulezi ufa huo ni mdogo sana, nao huzibwa kwa maji kidogo, kitambaa kikavu, na mtu mzima mmoja aliye tayari kuamka.