Simu Yako Ijayo Itadumu Miaka Mingapi?

Hebu tuseme wanaotengeneza simu wamekutumia mjumbe. Amefika kwako, iwe ni Umoja, Githurai au Likoni, akakaribishwa chai, kisha akakuuliza swali moja tu: je, simu utakayoinunua baada ya hii uliyo nayo ungependa iwe na nini?

Usicheke. Swali hili nimewauliza watu wengi mwezi huu, nyumbani, kazini na ndani ya matatu, na majibu yao ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ukiyasikiliza matangazo ya biashara utafikiri kila Mkenya anaota simu nyembamba kama biskuti, yenye kamera nne mgongoni. Lakini niliowauliza walitaja mambo ya kawaida mno. Chaji ifike usiku. Nafasi isijae upesi. Kioo kisipasuke kwa kuanguka mara moja. Na zaidi ya yote, wasilazimike kurudi dukani kabla ya miaka miwili kwisha.

Mama yangu, ambaye yuko kijijini na miaka inazidi kumsonga, ana mambo matatu. Anataka sauti inayosikika vizuri, herufi zisizomlazimu kutafuta miwani, na chaji ya kumfikisha siku ya pili, maana stima ya huko hukatika wakati wowote.

Ndugu yangu mdogo aliye chuo kikuu anataka nafasi. Noti za mihadhara huja kwa simu, kikundi cha darasa kiko WhatsApp, na wahadhiri hutuma video ndefu. Kila wiki alikuwa akifuta picha zake ili apate pa kuweka kazi aliyopewa.

Naye jirani yangu wa bodaboda hakutaja ila betri. Wateja humfikia kupitia simu, ramani imo humo, na malipo huingia humo humo. Chaji ikimwishia saa kumi jioni, siku yake ya kazi imekwisha hata kama tangi lina petroli tele.

Utaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba anasa. Zamani simu ikizima ulikosa salamu tu. Siku hizi ikizima umefungiwa benki, darasa na ofisi kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana nasema suala hili ni la bajeti ya nyumba nzima, wala si la vijana wapenda makuu peke yao.

Wengi wetu twaikumbuka Nokia 1100 iliyotoka mwaka wa 2003, ile yenye tochi. Simu za aina hiyo ndizo tulizozibandika jina la mulika mwizi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 kote duniani. Betri yake ilikuwa ya mAh 850 tu, hicho kikiwa kipimo cha umeme ambao betri yaweza kuhifadhi, na bado ungeichaji Jumapili ikakusukuma siku kadhaa. Simu nyingi za leo zina betri ya mAh 5,000, karibu mara sita ya ile, lakini jioni ikifika zinalia njaa.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kioo cha mulika mwizi kilikuwa kidogo, kisicho na rangi. Cha leo kinajaza kiganja na huwaka kama televisheni. Isitoshe, simu ya leo haipumziki. Hata ikiwa mfukoni inapokea ujumbe, inatafuta mtandao na kuendesha programu ambazo mwenyewe ulisahau zamani kwamba umeziweka. Betri imekua, na ulaji nao umekua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia. Betri hizi za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony ya Japani ilikuwa ya kwanza kuziuza mwaka wa 1991, huzeeka. Kwa miaka mingi imehesabiwa kwamba baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, betri hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu zake za mwanzo. Anayeichaji kila siku hufika hapo kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Joto nalo huharakisha uzee huo, kwa hivyo simu inayoachwa juani kwenye dashibodi ya gari, au inayochajiwa chini ya mto usiku kucha, huchakaa mbio.

Ukweli huu ulijitokeza wazi mwaka wa 2017. Kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake kuukuu ili zisizime ghafla kwa sababu ya betri zilizodhoofika. Wanunuzi walighadhabika. Kampuni ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Waliobadilisha waliona simu zao zikirudia kasi yake ya awali. Fikiria ni watu wangapi waliokuwa tayari wamekimbilia simu mpya, ilhali walichohitaji ni betri!

Nyumbani kwetu jambo hili lilikuja na bei yake. Ndugu yangu aliomba simu mpya ya Sh24,000 mwanzoni mwa muhula, wakati huo huo chuo kikidai karo. Tulikwenda naye Luthuli Avenue, fundi akaifungua ile simu yake, akaipima na kusema kwamba betri imekwisha lakini mashine ni nzima. Betri pamoja na kazi ya fundi vilitugharimu Sh2,500. Kadi ya kumbukumbu ilituchukua Sh1,000 nyingine, picha na video zikahamia huko. Zilizobaki zikaenda karo.

Kijana hakufurahi siku ile, kwa kuwa wenzake walikuwa na simu zinazong'aa. Lakini mitihani ilipofika aliifanya yote bila kuzuiliwa mlangoni kwa sababu ya deni. Hilo ni jambo ambalo hakuna kamera ingemfanyia.

Nilipomuuliza yule fundi simu ijayo angependa iweje, hakusita. Alisema anataka kifuniko kinachofunguka. Zamani ulikifungua kwa ukucha, ukatoa betri kuukuu na kutia mpya uliyoinunua kibandani. Siku hizi betri imegandishwa kwa gundi, na kuitoa kunahitaji kifaa cha kupasha joto na mkono usiotetemeka.

Lakini betri si ugonjwa wa pekee. Simu yaweza kuwa na betri nzuri na kioo kisicho na ufa, na bado ikafa ikiwa mikononi mwako. Kuanzia tarehe 24 Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuzihudumia simu zenye mfumo wa Android wa kabla ya toleo la 5.0. Mwenye simu kama hiyo hakuivunja wala kuitia majini. Muda wake uliisha tu, kama maziwa ya pakiti.

Tofauti ni kwamba maziwa huandikwa tarehe. Simu haiandikwi. Kila mtengenezaji hutoa masasisho, yaani marekebisho ya mfumo wa ndani yanayoilinda simu dhidi ya wezi wa mitandaoni na kuiwezesha kupokea programu mpya. Siku akiacha kuyatoa, uzee wa simu yako umeanza. Mwaka wa 2023 Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa simu zake za Pixel 8, na mwanzoni mwa 2024 Samsung ikaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24. Ni habari njema, ila hizo ni simu za bei ambayo wengi wetu huisoma tu dirishani. Zile tunazozimudu aghalabu huahidiwa muda mfupi zaidi, na nyingine haziahidiwi lolote.

Hapa ndipo ninapokata kauli kwamba hesabu ya simu hatuifanyi ipasavyo. Tunatazama bei ya siku ya kununua, kumbe yafaa tuigawanye kwa siku ambazo simu itaishi.

Chukua mfano huu. Simu inauzwa Sh14,000 taslimu. Huna pesa hizo, kwa hivyo unaichukua kwa mkopo: Sh3,000 za kwanza, kisha Sh50 kila siku kwa mwaka mmoja. Ukimaliza utakuwa umelipa Sh21,250. Ikidumu miaka miwili, imekula karibu Sh29 kwa kila siku uliyokuwa nayo. Mwenzako aliyenunua ya Sh24,000 taslimu, ikamtumikia miaka mitano, ametumia kama Sh13 kwa siku. Aliye na kidogo amelipa zaidi ya mara mbili. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ni ghali.

Sisemi mikopo ni mibaya. Safaricom na Google walipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwezi wa Julai 2020, kwa Sh20 kwa siku, familia nyingi zilizokuwa na kabambe zilipata njia ya kuingia kwenye intaneti. Pasipo mipango ya aina hiyo wengi wangebaki nje. Ninachosema ni kwamba simu ya mkopo inapaswa kuishi miaka mingi baada ya deni kwisha, la sivyo unatoka kwenye deni moja na kuingia jingine. Tena kuna hatari ya kufungiwa. Jirani yangu wa bodaboda aliwahi kuugua malaria siku nne, na muuzaji mmoja wa mjini aliyemkopesha akaifunga simu kutoka mbali. Alipopata nafuu na kulipa, wateja wake wa asubuhi walikuwa wamekwisha kuzoea mtu mwingine.

Pengine utaniuliza, mwandishi, sisi ni nani hata watengenezaji watusikilize? Wanasikiliza, msomaji wangu, pesa zinapozungumza. Kampuni ya Transsion ya Uchina, inayotengeneza simu za Tecno, Infinix na itel, ilipata soko kubwa barani Afrika kwa kutazama tunavyoishi. Iliona kwamba mtu mmoja ana laini mbili za simu, ikatoa simu zinazobeba laini zote mbili. Iliona kwamba picha zetu zilitoka kama vivuli, ikarekebisha kamera ili iitambue vyema ngozi nyeusi. Ndiyo sababu siwacheki wanaotaka kamera nzuri. Kina dada wanaouza nguo na keki kupitia mitandaoni, kamera ndiyo dirisha la duka lao.

Serikali nazo zina usemi. Nchi za Muungano wa Ulaya ziliamuru kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu moja la chaji, lile la USB-C. Apple ilikuwa imeshabadilisha tundu lake Septemba 2023 kwa simu za iPhone 15, na haikufanya hivyo kwa Wazungu peke yao. Leo nyumba ya Kayole yenye simu za kampuni tatu yaweza kutumia chaja moja, kwa sababu ya sheria iliyotungwa mbali sana na Kayole.

Tangu tarehe 20 Juni 2025 nchi hizo zinataka pia simu mpya ziendelee kupata masasisho kwa angalau miaka mitano tangu siku ya mwisho ya aina hiyo kuuzwa, vipuri vipatikane kwa miaka saba, na betri ibakie na asilimia 80 ya nguvu zake hata baada ya kuchajiwa mara 800. Hayo ndiyo yale yale aliyoyaomba fundi wa Luthuli na mama yangu kijijini, ila yameandikwa kwa lugha ya wanasheria. Sisi je? Mwezi wa Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, simu yake ya bei ya chini zaidi ikiuzwa Sh7,499. Simu ikiunganishwa hatua chache kutoka Nairobi, ni haki yetu kuuliza betri na kioo chake vitauzwa wapi, na kwa miaka mingapi.

Basi, kabla hujatoa pesa zako, muulize muuzaji maswali manne. Simu hii itapata masasisho hadi mwaka gani? Betri ikichoka, kuibadilisha ni shilingi ngapi? Kioo chake kinapatikana hapa mjini? Na nikinunua kwa mkopo, jumla nitakuwa nimelipa kiasi gani? Akikuambia hajui, mwombe amuulize aliyemletea simu hizo. Wateja ishirini wakiuliza jambo moja kwa siku, jibu litatafutwa.

Na ikiwa simu uliyo nayo bado yaita na kuitika, mpelekee fundi kwanza aipime. Huenda ukapata kwamba simu unayoitamani imo mfukoni mwako, inangoja betri. Je, wewe waonaje?