Soma Kwanza Kilichoandikwa Kwenye Kioo

Tindiga ni kata ya wilaya ya Kilosa, kule bondeni kwenye mpunga na matope. Ndiko kwetu. Likizo ikifika, wenzangu wengine hubaki mjini kutafuta vibarua, mimi hurudi nyumbani, na huko nina kazi mbili: shamba na kompyuta za watu. Sijawahi kubandika tangazo la ufundi. Ilitosha watu kusikia kwamba laptopu yangu haina Windows na bado inafanya kazi. Tangu hapo, "kaka, samahani, nina shida kidogo" haiishi mlangoni.

Nawaandikia haya wanachuo wenzangu kwa sababu wengi humu chuoni mmeanza kuweka Linux, na wengi mnaiacha ndani ya wiki mbili. Mnaiacha siku ile ya kwanza inapojaza maneno meupe kwenye kioo cheusi. Mtu anashtuka, anafunika laptopu, kesho yake yuko kwa fundi.

Linux yenyewe imefika kijijini kwetu kwa sababu ya uchumi, wala si ushamba wa kutaka kuonekana mjuzi. Laptopu zinazotufikia ni za mtumba: betri imechoka, RAM ni GB 2 au 4. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine nyingi za zamani hazina. Windows 10 nayo, Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa mzazi aliyeuza magunia ya mpunga ili mtoto apate laptopu ya chuo, utamwambiaje kwamba mashine ile imepitwa na wakati? Ukiiwekea Linux Mint au Lubuntu, inaamka, inaandika ripoti, inafungua PDF, na hujalipa leseni.

Shida inaanza mashine inapokwama. Kwa fundi wa mjini jibu karibu siku zote ni moja: "Tupige Windows." Na kupiga Windows, kama mnavyojua, mara nyingi maana yake ni kufuta diski nzima. Mashine inapona, kazi zako zinakufa.

Likizo iliyopita alikuja dada mmoja wa jirani, yuko mwaka wa tatu chuo kingine. Umeme ulikatika akiwa anaandika, na kwa kuwa betri yake ilishakufa zamani, laptopu ilizima palepale. Umeme uliporudi, mashine ikagoma kuwaka kama kawaida. Ikaishia kwenye neno "initramfs" na kistari kinachopepesa. Fundi alishamwambia kwa simu kwamba hapo ni kufomati tu. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya utafiti, miezi minne ya kwenda shamba kwa shamba na dodoso mkononi, na nakala nyingine hana. Alikuwa anaongea taratibu sana, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Nikamwuliza, "Juu ya hilo neno kumeandikwa nini?" Akasema, "Kaka, Kiingereza kingi tu." Tukasoma pamoja. Mstari mmoja ulisema: "The root filesystem on /dev/sda2 requires a manual fsck." Kwa Kiswahili cha kwetu: mpangilio wa mafaili kwenye sehemu ya diski iitwayo sda2 umevurugika, unatakiwa ukaguliwe kwa mkono, na chombo cha kukagulia kinaitwa fsck. Jamani, mgonjwa ametaja ugonjwa, ametaja kiungo kinachouma, na ametaja dawa. Kilichobaki ni kumsikiliza.

Hata hivyo hatukukimbilia dawa. Kwanza tuliokoa mali. Niliwasha mashine kwa flashi yenye Linux ndani yake, nikafungua diski yake kwa kusoma tu, tukanakili ripoti na picha za shambani kwenye flashi nyingine. Hatua hii msiiruke hata siku moja, kwa sababu kama diski yenyewe inakufa, kuilazimisha ijikarabati kunaweza kuimaliza. Baada ya hapo tukawasha upya na kuandika "fsck -y /dev/sda2", tukasubiri dakika chache, tukaandika "reboot". Mashine ikawaka. Alichopoteza ni grafu moja aliyokuwa hajaihifadhi jioni ile. (Amri nazitia ndani ya alama za mtajo; ukiandika, ziache alama hizo. Na hiyo sda2 ni ya kwake. Ya kwako isome kwenye kioo chako.)

Kilosa tunalijua jambo hili kwa njia ya maji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, tuta la kuukinga mji likabomoka, na maelfu ya watu wakakosa makazi. Maji yakiwa ndani ya nyumba unaweza kuyateka kwa ndoo kutwa nzima, lakini tuta likiwa bado wazi yatarudi. Kompyuta ni vilevile. Kinachoonekana ni maji ndani ya nyumba. Ujumbe kwenye kioo unakuonyesha tuta lilipobomokea. Anayefomati bila kusoma amehama nyumba, na tuta hajalijua.

Sasa niwape yale yanayojirudia zaidi, ili likizo ijayo foleni ya mlangoni kwetu ipungue.

La kwanza ni dogo lakini limewarudisha wengi nyuma. Ukiandika amri inayoanza na "sudo", mashine inadai nywila. Unaandika, na kwenye mifumo mingi ya Linux kioo hakionyeshi kitu, hata nyota. Mtu anadhani kibodi imekufa. Haijafa bana, ndivyo inavyofichwa nywila. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter. Na ujue kwamba Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: "Ripoti" na "ripoti" kwake ni mafaili mawili.

La pili ni Wi-Fi kutoonekana. Kadi nyingine za Wi-Fi, hasa za Broadcom kwenye laptopu za zamani, zinahitaji programu ndogo ya kuziendesha ambayo haiji pamoja na Linux. Kwanza hakikisha Wi-Fi haikuzimwa kwa kitufe: "rfkill list" itakuonyesha. Kama haikuzimwa, andika "lspci" uone jina la kadi. Halafu unahitaji intaneti ili kupata hiyo programu, na intaneti yenyewe ndiyo huna. Hapo chomeka simu kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, ruhusu kugawa intaneti kwa waya. Linux huipokea simu bila mizengwe. Kisha fungua Driver Manager kwenye Mint, au Additional Drivers kwenye Ubuntu, uchague kinachopendekezwa.

Tahadhari ya bando: mashine ikishaonja intaneti inaweza kuanza kujisasisha, na masasisho yanaweza kula mamia ya MB. Kwetu kule bando ni hela ya mboga. Zima masasisho ya kujiendesha mpaka ufike chuoni penye Wi-Fi ya bure, halafu usasishe kwa amani. Usikae mwaka mzima bila kusasisha, maana masasisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ya usalama.

La tatu ni saa. Laptopu ya zamani ina betri ndogo ndani, mara nyingi ya mviringo kama sarafu, inayotunza tarehe mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kila ukiwasha unarudishwa miaka kadhaa nyuma. Tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana kama havijaanza kutumika, na ukijaribu kuweka programu unaambiwa faili la orodha "is not valid yet", yaani bado halijafikia tarehe yake. Watu wanalaumu mtandao, wanabadilisha laini, wanaongeza bando. Andika "date" uone mashine inadhani leo ni lini. Ukiunganisha intaneti, mara nyingi saa hujirekebisha baada ya muda. Isipojirekebisha, iweke mwenyewe kwenye mipangilio. Dawa ya kudumu ni kubadilisha hiyo betri. Nyingi ni za aina ya CR2032, na si ghali.

La nne ni kuweka programu. Ukiona "Could not get lock", maana yake kuna programu nyingine iko kazini kwenye ghala lilelile, kwa kawaida masasisho, na imefunga mlango. Subiri amalize. Msifuate ushauri wa kufuta hicho kifungo kwa nguvu; ni sawa na kumvunjia mtu mlango akiwa anaoga. Lakini kama umeme ulikatika katikati ya kuweka programu, utaambiwa "dpkg was interrupted" na hapohapo utapewa amri ya kuandika: "sudo dpkg --configure -a". Tena mgonjwa ametaja dawa! Ukimaliza hiyo, kama bado kuna manung'uniko, ongeza "sudo apt --fix-broken install".

La tano ni diski kujaa. Unaandika nywila sahihi, mashine inakubali, halafu inakurudisha palepale pa kuandika nywila. Sababu zipo kadhaa, ila kwa wanafunzi anza na hii: filamu zimejaza diski na mfumo hauna hata nafasi ya kuandika kijifaili kidogo. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nywila yako, andika "df -h". Ukiona asilimia 100 kwenye mstari ambao mwishoni una "/" au "/home", futa usivyohitaji kisha uwashe upya.

La sita linatuumiza sana chuoni: unaandika kazi kwa LibreOffice, unapeleka stesheneri wanafungua kwa Word, kurasa zinahama na majedwali yanatambaa. Mashine hapo haina kosa. Hifadhi nakala ya PDF nyumbani, na hiyo PDF ndiyo uipeleke kuchapishwa.

Kwa haki niseme pia Linux isipofaa. Kama kozi yako inakudai AutoCAD, AutoCAD haina toleo la Linux, basi tumia maabara au weka mifumo miwili kwenye mashine moja. Wa takwimu na ramani wana nafuu: R na QGIS zinafanya kazi bila tatizo.

Mtaona kwamba katika mambo haya yote sijatumia akili nyingi. Nimetumia utaratibu: okoa kazi zako kwanza, soma ujumbe wote, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika kwenye daftari ulichofanya. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo na mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Ikizidi kuumwa, hujui kilichoidhuru. Na amri usiyoielewa usiibandike, hasa yenye "rm" ndani yake, maana hiyo kazi yake ni kufuta, na haiulizi mara mbili.

Kwa nini basi hatusomi? Nadhani tunaogopa Kiingereza cha mashine hata sisi tunaofundishwa kwa Kiingereza darasani kila siku. Dada yule anasoma makala nzito za kozi yake na kuzichambua, lakini mstari mmoja kwenye kioo cheusi aliuita "Kiingereza kingi tu". Tulipoutamka kwa Kiswahili, hofu ilipungua na amri aliiandika yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Nchi hii ilishalianza jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice tunayotumia leo ni ya ukoo huohuo. Wao walitafsiri vitufe na menyu. Sisi tunaweza kutafsiriana ujumbe wa hitilafu, kazi ambayo haihitaji mfadhili.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo: daftari moja kubwa likae maabara ya kompyuta. Kila mtu aliyekwama aandike upande wa kushoto maneno aliyoyaona kwenye kioo, neno kwa neno, katikati maana yake kwa Kiswahili, kulia kilichomponya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyekwama na akanyamaza ndiye anayepigiwa Windows na kupoteza ripoti. Kurasa sita za kwanza nimeshaziandika, ni hayo sita hapo juu. Ya saba namwachia mwenzangu atakayekwama kesho.